Aliyeitwa na Aliyegeuka

Juzi kwenye kliniki moja ya Kanja, foleni ya chanjo ilikwama. Muuguzi alikuwa amemuuliza mama mmoja kama bintiye wa miaka miwili ameanza kusema. Aliyejibu ni mama mkwe wake, nyanya ya mtoto, akikaza kitambaa kichwani.

"Huyu amechukua jina langu. Hata mimi nilichelewa kusema."

Mama wa mtoto akainamisha kichwa. Kwetu, ukimtilia shaka mtoto, umemtusi aliyempa jina.

Mtoto alikuwa sakafuni akizungusha kifuniko cha chupa, anazungusha tu. Muuguzi akasimama nyuma yake, akaita lile jina kwa nguvu. Kifuniko kikaendelea kuzunguka. Aliyegeuka ni nyanya, mwenye jina.



Muuguzi akafungua pakiti ya biskuti taratibu. Mtoto akageuka papo hapo.

Muuguzi akamwambia nyanya, "Anasikia, cucu. Lakini haitikii jina. Huenda ni usonji. Aonwe na daktari sasa, msingoje aanze shule."

Nyanya akamgeukia mkaza mwanawe. "Ulijua?"

"Tangu mwaka jana. Ningesemaje, na jina ni lako?"

Jina tunaliheshimu sana huku kwetu. Lakini mtoto anayelibeba ndiye hungojeshwa msaada.