Visahani vya Dirishani

Kwa miaka kumi na minne Tekla alilisha kuvu. Wenzake mtaani Elerai walifuga kuku. Yeye alifuga kuvu wa udongoni katika maabara moja ya mjini, wale wema wanaowala kuvu wa magonjwa ya mimea. Kila asubuhi alivaa koti jeupe, akafungua inkubeta, kabati la joto wanamokuzwa, na kuwajulia hali. Ukimwambia huo ni ukungu tu, alinuna mpaka saa ya chai.

Halafu akaletwa Eunike, binti wa Kimeru mwenye miaka ishirini na minne na digrii mbichi. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Tekla hakupona, aliugua. Eunike alikuja na udongo wa chini ya migomba ya bibi yake, akaotesha kuvu wake, na ndani ya mwezi mmoja Daktari Fanuel, mkuu wao, akawa anaipita meza ya Tekla bila kusimama ili akachungulie ya Eunike. Jamani, roho ilimwuma huyu mama. Ilimwuma akipika, ilimwuma hata kanisani wakati wa kupeana amani.

Mwezi wa saba ukaja na baridi yake, na Mzee Sumari naye akaja kutoka juu ya Ngaramtoni. Miche yake ya nyanya ilikuwa inaoza shingo na kuanguka kitaluni, ugonjwa wa kinyausi.

"Mwaka jana ilikufa yote," alisema. "Ikifa tena, naachana na nyanya."

Daktari akaamua kwamba mzee atapelekewa kuvu mmoja tu, wa Tekla au wa Eunike, yule mwenye vimeng'enya vikali zaidi.

Kipimo chenyewe si kigumu. Kuvu mwema hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha ganda la kuvu adui. Basi unampanda kwenye kisahani chenye chakula kilichochanganywa na unga wa maganda ya kamba wa baharini, maana maganda hayo na ganda la adui vimejengwa kwa kitu kimoja. Chakula huwa cheupe kama maji ya mchele, na pale kuvu anapoyeyusha panabaki duara angavu. Duara likiwa pana, kuvu ni hodari. Wakapanda Jumatatu, wapime Ijumaa.

Jumanne, Eunike alipokwenda kunywa chai, Tekla alivitoa visahani vya mwenzake kwenye joto la inkubeta akaviweka dirishani nyuma ya ndoo, mahali ambapo upepo wa Meru hupenya mpaka kwenye mifupa. Alijua anamtilia mtoto wa watu mchanga kwenye kitumbua, na bado akafanya. Ijumaa aliwahi kazini, akavirudisha.

Daktari akapima kwa rula. Duara la Tekla, milimita kumi na moja. La Eunike, tisa.

Tekla aliinama akaisoma rula mwenyewe. Tisa? Kuvu aliyekaa dirishani siku tatu alitakiwa awe amelala fofofo. Na kitalu cha Mzee Sumari kilikuwa na baridi kuliko dirisha lile. Alijua vizuri ni kuvu yupi angeiokoa ile miche. Akaandika tu: kumi na moja, tisa.

"Anakwenda wa Tekla," Daktari akasema, akampa mkono. Miezi mingapi alikuwa ameusubiri mkono huo.

Eunike akafungua daftari lake. "Samahani, Daktari. Vyangu havikukaa kwenye inkubeta. Jumanne nilivikuta dirishani, nikaweka kipimajoto pale pale. Nyuzi kumi na tano, kumi na nne, kumi na tano." Akamgeukia Tekla. "Nikasema kumbe ni kweli, kitalu cha mzee hakina inkubeta. Wazo ni la dada Tekla, ndiye aliyebaki humu nilipokwenda chai. Mimi nisingelifikiria. Asante, dada."

Daktari alikuwa ameshaanza kutabasamu. "Tekla! Miaka kumi na minne si mchezo."

Tekla alimtazama binti yule usoni akitafuta kejeli. Hakuiona, na hilo ndilo lililomchoma zaidi: hata kwa wema alikuwa amezidiwa. Sifa ilikuwa mezani, inasubiri kuchukuliwa tu.

"Halikuwa wazo, Daktari," alisema. "Ulikuwa wivu. Mpelekeeni mzee kuvu wa Eunike."