Bibi yangu na vitabu vyangu vya katuni

Jamani, leo nilikuwa tajiri kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa.

Nilivipeleka vile vitabu vya katuni vya utotoni, nilivyomwachia bibi Mji wa Kale, kwa muuza vitabu wa Bondeni anipimie thamani yake.

Alipoona majalada tu: "Keti, mwanangu! Hivi vinatafutwa." Akaniagizia kahawa.

Mimi kichwani nishanunua gari.

Kisha akafungua ndani.

Akavua miwani.

Kila mwanamke aliyechorwa mapaja wazi amevishwa buibui kwa wino! Mmoja anaruka juu ya mapaa kajifunga leso, na maua yake yote.

"Nani kafanya haya?"

Nilijua papo hapo.

"Basi thamani hakuna tena," akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Lakini sikurudishii mpaka mke wangu avione."

Nikaenda kwa bibi nimefura. Wala hakushtuka.

"Wale wanaume waliovaa chupi juu ya suruali wako wapi? Niletee. Wino uliniishia kabla sijawafunga vikoi."

Sasa niko saiba, kwenye kompyuta ya kukodi, nawaandikia, nacheka peke yangu, watu wananitazama.

Nanyi nichekeni tu. Kalamu nishamnunulia.