Majani ya Mama Jirani

Kwenye salongo, ile kazi ya kusafisha mtaa wetu hapa Butembo, Mungu anisamehe, nilimcheka mama jirani mbele ya watu. Majani yanayopanda ukutani yalikuwa yamefunika nyumba yake ya matofali mpaka madirishani.

«Mama, utalala na nyoka!»

«Acha tu, papa. Vita ikiisha nitakata.»

Mchana akapita komanda mmoja, anatafuta nyumba ya kuweka askari wake. Akayatazama yale majani.

«Mama, mule ndani muko nyoka?»

«Muko mingi, mon commandant,» akajibu, mikono kifuani.

Komanda akachukua nyumba yangu, safi, niliyoifyekea majani asubuhi.

Sasa mimi na watu wa nyumbani kwangu tunalala kwa mama jirani. Jioni tulipoungama dhambi katika sala, ule uongo wa nyoka hakuna aliyeutaja.