Mkasi wa Fundi Shoto

Mgeni alikuwa bado na vumbi la safari alipouliza nani angeweza kumshonea suruali kabla ya kesho, akaelekezwa kwa Fundi Shoto. Aliingia akakuta ugomvi. Hakuna aliyenyamaza kwa ajili yake. Fundi alimpima kiuno huku akibishana na mkewe.

Basi la binti yao lingeondoka saa nane. Begi lake la shule ya bweni lilikuwa mlangoni, na mama mtu amelikalia lisije likafunguliwa.

"Babu yangu alikata kwa kushoto, baba yangu vilevile, na mimi," fundi alisema. "Makali ya mkasi huu yamepangwa kinyume, mkono wa kulia hauuwezi. Mtoto wa kwanza hukata nguo ya mteja mbele ya wazazi. Akikata sawa, anabaki dukani. Akiharibu, chukua mwanao."

"Nimemzoeza mkono wa kulia tangu chekechea," mama alijibu. "Umechelewa, baba watoto."

Binti alikuwa amesimama kando ya meza ya kukatia. Wote wawili hawakujua kwamba miaka miwili sasa, wakiwa hawapo, alikuwa akikata vitambaa vya mabaki kwa mkono wa kushoto.

Fundi alitandaza sufu ya mgeni mezani, akachora mstari wa chaki, akamsogezea binti mkasi. Mama alimkonyeza. Ilikuwa rahisi: ashike kwa kulia, kitambaa kitafunwe, apande basi.

"Taratibu, binti," mgeni alimwambia. "Hiyo sufu nimeibeba nchi tatu sijampa fundi yeyote. Na hii niliyovaa imeachia nyuma."

Binti aliuchukua mkasi.

Alishika kwa kulia. Mkasi ukatafuna ukingo, upana wa ukucha. Mama akashusha pumzi. Binti alilitazama lile kovu kwenye nguo ya mtu, aibu ikampanda hadi masikioni. Akahamisha mkono. Mkasi ukashuka na mstari wa chaki hadi chini bila kusita.

Fundi alipitisha kidole ukingoni, mara mbili. "Damu yangu hii! Mama, fungua begi."

Mama aliinuka, akashika zipu ya begi.

"Usifungue," binti alisema. "Nimekata sawa kwa sababu ni nguo ya mtu, baba. Siyo kwamba nabaki."

"Tulikubaliana!"

"Mlikubaliana ninyi wawili. Mimi nani aliniuliza?"

Saa ya ukutani ilikaribia nane kasorobo. Binti alinyanyua begi, likamvuta bega.

"Na kipande cha nyuma cha suruali?" baba aliuliza.

"Hicho chako, baba. Baki salama."

Alitoka, mama akimkimbilia nyuma. Mgeni alivuta kigoda, akakaa kusubiri.