Niliongoza wawindaji bonde la Momba, mume wangu akabaki nyumbani na miiko

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine wote marahaba. Haya nimeyaishi mwenyewe, umri huu sina haja ya kuwatungia.

Enzi za vijiji vya ujamaa tulikuwa Mbozi. Kazi yangu ilikuwa guide wa wawindaji, bonde la Momba. Mwanamke peke yangu! Kufuata nyayo alinifundisha baba. Nikirudi naandika stori za porini, napeleka gazetini.

Kutulia sikujua kabisa. Nikikaa wiki moja nyumbani miguu inaniwasha.

Sasa kwetu kulikuwa na mwiko. Mwindaji akiwa porini, mkewe habanduki nyumbani. Hagombani na mtu, hampi jirani moto. Akikosea, mnyama anamgeukia mume.

Safari moja mwenyekiti mpya wa kijiji akanikatalia kibali. Akauliza, mke ndiye anakwenda porini, miiko atashika nani? Wageni wa kuwinda walishafika Vwawa. Nikajua kazi yangu ndiyo inakufa hivyo.

Mume wangu, Baba Neema, fundi baiskeli asiye na maneno mengi, akasema, "Nitakaa mimi."

Wanakijiji walicheka hao! Wakamwita bi harusi, ila kibali nikapewa. Nilivyosimuliwa baadaye, jirani alikwenda kuomba moto makusudi, akanyimwa, akatukana mpaka akachoka mwenyewe. Baba Neema kimya ndani, baiskeli za watu zimelala uani.

Huko porini mgeni mmoja akamjeruhi nyati. Nyati akageuka. Nikawapandisha wageni kwenye kichuguu, mimi nikabaki chini na bunduki. Nikampiga, akaanguka karibu sana, vumbi lake likaniingia mdomoni.

Narudi kijijini, wanampongeza nani? Baba Neema! Eti miiko yake imeniokoa.

Nilivimba, wakuu. Nikamwambia nyati nimekutana naye mimi, yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda.

Akaniangalia. Alikuwa amekonda, macho mekundu.

"Mama Neema, wewe nyati umemwona mara moja. Mimi nilimwona kila nilipofumba macho."

Stori ya gazeti niliyokuwa naipanga kichwani nikaifumua, nikamwingiza na yeye.

Nilichojifunza ni kwamba anayekungoja naye yuko porini. Ila msidhani nilitulia. Wageni wengine walipokuja nilifunga buti, naye akafunga mlango, akashika miiko.

Nyie wake wa madereva wa malori hapo Tunduma, na wengine wenye watu wasiotulia, mnangojaje? Semeni, nawasoma.