Nilipokula kwa Dada

Mwishoni mwa miaka ya sabini, mashine ya kiwanda kimoja mtaani Baba Dogo iliniponda mkono. Nikapoteza kazi, nikahamia kwa dada yangu mkubwa mtaani Majengo.

Jioni ya kwanza shemeji alisema, bila ubaya wowote, "Hapa kila mtu anahangaika ndiyo ale." Maneno hayo hayakunitoka. Kesho yake niliamka kabla ya wote, nikateka maji mferejini kwa mkono mmoja, nikapiga deki, nikaosha vyombo. Ikawa ndiyo desturi yangu. Usiku nilikula kidogo, macho chini, kisha nikakaa mlangoni peke yangu. Majirani walipita wakipiga gumzo.

Siku moja homa ilinilaza. Dada aliponiletea ugali na sukuma wiki, nikamwambia nimeshiba.

"Umeshiba nini, na hujatia kitu mdomoni tangu asubuhi?"

"Leo sijafanya kazi yoyote, dada."

Aliweka sahani sakafuni. "Kwani nikiugua mimi, utaninyima uji?"

Akaketi kando yangu, akamega tonge, akanilisha kama mtoto. Nilitafuna huku nikilia.

Mkono ulipopona nilipata kibarua, nikapanga chumba. Jioni ya kwanza nilipika chakula cha jasho langu mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Nilikula nusu, nikafunika sufuria, nikabaki nikisikiliza redio ya jirani kupitia ukuta.