Swichi ya tatu ya fundi Bahizire

Saa moja na nusu asubuhi, theluji imefunika ua wote wa kituo cha kupozea umeme kusini mwa Buffalo, jimbo la New York. Bahizire Nshombo anapangusa buti zake kwenye mkeka wa mlangoni kwa uangalifu wa mtu anayeingia kanisani. Anavua glavu, anazikunja, anazitia mfukoni. Kisha anasimama mbele ya kabati refu la chuma na kulitazama bila kuligusa.

Ndani ya kabati hilo kuna swichi tatu ndogo zenye vishikio vyekundu. Kidole gumba kinatosha kukifunika kishikio kimoja.

Bahizire, mwenye umri wa miaka 47, hajaruhusiwa kuzishika peke yake kwa miezi kumi na moja. Leo ameruhusiwa. Akifanya vizuri atarudishiwa kibali chake cha kusimamia ncha moja ya njia ya umeme. Akikosea atarudishwa stoo kupanga vikombe vya kuzuia umeme nguzoni na mizingo ya nyaya, na ameshaambiwa kwamba hakutakuwa na nafasi nyingine.

"Bibi yangu aliniwekea chai asubuhi, nikaiangalia tu," anasema, akimaanisha mkewe. "Bon. Leo njo leo."

Kazi yake haielezeki kwa sentensi moja. Hata mkewe ilimchukua mwaka mzima kuielewa. Umeme mkubwa husafiri kutoka kituo hadi kituo kwa nyaya zinazoning'inia kwenye minara. Katika kila kituo kuna chombo cha ulinzi, mafundi wanakiita relei, ambacho kazi yake ni kuichunga njia hiyo bila kulala. Mti ukiangukia waya, relei huona hitilafu na kuiamuru breka, yaani mtambo mkubwa wa kukata umeme ulioko uani, ikate upande wake.

Lakini njia ina ncha mbili. Upande wa pili usipokata nao, umeme unaendelea kumiminika kwenye ule mti mpaka kitu kiungue. Kwa hiyo relei ya huku humpa ishara mwenzake wa kule. Ishara hupita kwenye nyuzi za kioo zilizofichwa ndani ya waya wa juu kabisa wa minara. Kutoka hapa hadi kituo cha pili ni kilomita 29, na inafika kabla mtu hajamaliza kupepesa jicho.

"Ni sawa basentineli babili kwenye parcelle moja," anasema Bahizire, kwa Kiswahili cha Bukavu ambacho miaka kumi na moja ya Marekani haijakigusa, akimaanisha walinzi wawili wa kiwanja kimoja. "Mwizi akiingia huku, huyu anapiga filimbi, mwenzake anafunga mulango ya kule. Asipopiga, donc mwizi anapita."

Filimbi hiyo inahitaji kujaribiwa. Kila baada ya miaka kadhaa fundi mmoja hukaa ncha hii, mwingine ncha ile, wakizungumza kwa simu. Mmoja hutuma ishara ya majaribio, mwenzake anaangalia kama imefika. Kabla haijatumwa, anayepokea lazima azitoe swichi zote tatu zinazounganisha relei na breka, ili ishara ifike na kuandikwa kwenye relei bila kukata umeme wa watu. Ikibaki moja tu, jaribio linageuka kuwa amri.

Ndicho kilichotokea Februari mwaka jana, mikononi mwake.

"Bantu banasema nilisahau," anasema. "Sikusahau. Afazali ningesahau."

Alizaliwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na ujana wake aliumaliza akitengeneza redio na majenereta ya watu. Vita vilimkuta hapo. Alikimbia na mkewe, Clémence, wakakaa miaka tisa katika kambi nchini Uganda. Walipopewa makazi Marekani, walifikia mtaa wa Beechmont, Louisville, mahali ambapo ukishuka kwenye basi la jiji unaweza kusalimiwa kwa Kiswahili kabla hujasalimiwa kwa Kiingereza.

Alifanya kazi katika ghala la vifurushi kwa dola 11 kwa saa, akipanda mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Miaka mitatu. Kisha muumini mwenzake akamweleza kuhusu chuo cha Columbus kinachofundisha ufundi wa umeme kwa miaka miwili, naye akahamisha familia yote kwa ajili ya karatasi ambayo hakuwa na hakika kama ataipata.

Darasani asubuhi, ghalani jioni. Binti yake Chimène, wakati huo mwenye miaka kumi, ndiye aliyemsomea vitabu kwenye meza ya jikoni. Baba anauliza kwa Kiswahili, mtoto anajibu kwa Kiingereza, na Ohm na Volta wanaelewana katikati. Mwaka 2021 alipata kazi Buffalo. Leo analipwa dola 41 kwa saa na familia inaishi Lackawanna, mji uliokuwa wa chuma kabla tanuri hazijazimwa.

Aliyemfundisha kazi anaitwa Adriano, fundi mkuu mwenye umri wa miaka 64, mzaliwa wa Buffalo, mwenye sharubu nyeupe na maneno makali. Kwa Bahizire, mtu wa namna hiyo ni mzee, na mzee ana haki zake.

Siku ya ajali Adriano alikuwa ncha ya pili. Heater ya kibanda chake ilikuwa imeharibika na nje baridi ilikuwa nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Bahizire alikuwa ameshatoa swichi mbili. Ya tatu ilikuwa ngumu. Adriano akauliza kwenye simu kama yuko tayari.

"Kwetu mukubwa hangojeshwi," anasema Bahizire. "Mama anakuita, wewe uko unafunga kamba ya kiatu, unajibu 'niko nakuja.' Haujasimama hata. Kila mutoto wa kwetu alifanyaka vile. Nilisikia muzee anatetemeka ku simu, nikaona haya. Nikasema niko tayari. Mukono yangu ilikuwa ku swichi, nilijua mbele muzee abonyeze kule nitakuwa nimeshaitoa."

Anayeijua Afrika ya Kati, au hata Tanga au Machakos, hatahitaji kuelezwa zaidi. Sote tumejibu "nakuja" tukiwa tumekaa. Ni adabu, na kwa mamia ya miaka imetulea vizuri. Relei haina adabu. Ishara ilifika kidole chake kikiwa bado juu ya kishikio, na uani breka ikakata kwa kishindo kama cha bunduki.

Njia pacha, ambayo ingeubeba mzigo, ilikuwa imezimwa kwa matengenezo siku hiyo hiyo. Ratiba mbili zilikuwa zimegongana ofisini, na kampuni baadaye ilibadilisha utaratibu. Hata hivyo nyumba 6,200 zilikosa umeme kwa dakika 19.

Katika nyumba mojawapo alikuwamo Clémence.

Kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani, na asubuhi hiyo alikuwa kwa mzee Dombrowski, mstaafu wa kiwanda cha chuma aliyekuwa akipumua kwa msaada wa mashine. Mashine ilipiga kelele, kisha ikanyamaza. Clémence aliteremka ngazi za chini ya nyumba akipapasa ukuta, akapanda na mtungi wa akiba wa oksijeni mgongoni, akaufunga mpira wa kupumulia.

"Midomo yake ilishaanza kugeuka rangi," anasema Clémence. "Nilikuwa namuambia, 'Papa, vuta, vuta,' kwa Kiswahili, Kingereza yote ilinitoroka."

Mzee alipona. Jioni, mezani, Clémence alisimulia yote mbele ya mumewe na binti yao. Alikuwa na hasira. Alisema hao watu wa umeme, Mungu awaone.

Bahizire aliweka kijiko chini. "Mama Chimène," akasema, "ni mimi."

Chimène, aliyekwisha kuwa binti wa miaka kumi na sita, alinyanyuka akaenda kusimama nyuma ya kiti cha baba yake na kumwekea mikono mabegani.

Kesho yake, kabla relei hazijafunguliwa kusomwa, Bahizire alikwenda kwa wakubwa wake akaeleza kila kitu. Maji yalikuwa yameshamwagika, asingeweza kuyazoa, lakini aliweza angalau kusema nani aliyeyamwaga. Alinyang'anywa kibali siku hiyo hiyo na kupelekwa stoo.

Jumamosi alikwenda kwa mzee Dombrowski. Kwao mtu haendi kuomba msamaha mikono mitupu, kwa hiyo alibeba sufuria ya maharage na chupa kumi na mbili za bia. Daktari alikuwa amemkataza mzee bia tangu zamani. Mzee alizitazama zile chupa, akacheka mpaka akakohoa, akaagiza zipangwe dirishani azione.

Kisha akamwambia jambo ambalo Bahizire analirudia kila siku. Kwa miaka thelathini na mmoja, Dombrowski alikuwa ndiye anayetoa ishara kwa mwendesha winchi kiwandani. Chuma chenye moto hakikunyanyuliwa mpaka ainue mkono. "Walinitukana kila siku kwa kuwachelewesha," mzee alisema. "Na kila siku walirudi nyumbani na vidole vyote kumi."

Mzee Dombrowski alifariki Agosti, kwa maradhi yake ya mapafu. Familia ilimwomba Bahizire awe miongoni mwa watu sita wa kubeba jeneza. Alibeba upande wa kichwa, na anasema hajawahi kubeba kitu kizito kama kile.

Sasa ni saa mbili na dakika kumi, na simu inaita. Ncha ya pili yuko Adriano, yule yule. Mkaguzi wa kampuni, aliyekuja kuamua kama arudishiwe kibali, ameketi kwenye kiti cha plastiki, daftari gotini.

Bahizire anaitaja swichi ya kwanza kwa sauti, anaitoa, Adriano anarudia maneno yake. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu inakataa kutoka.

"Uko tayari?" anauliza Adriano.

Shingo ya Bahizire inang'aa kwa jasho. Mkono uko kwenye kishikio. Mkaguzi amenyanyua macho.

"Bado, sir," anasema. "Ngoja."

Anatoa miwani, anaivaa. Anasafisha kishikio kwa kitambaa, anajaribu tena, hakitoki.

"Bahizire, huku kuna baridi. Uko tayari au hapana?" Adriano anaongeza na neno ambalo gazeti hili halitalichapa.

"Bado."

Dakika mbili na nusu zinapita. Kwa mtu aliyelelewa Bukavu, kumngojesha mzee kwa dakika mbili na nusu ni safari ndefu. Hatimaye swichi inatoka. Bahizire anazipima zote tatu kwa mita, moja baada ya nyingine, na kurudia kuipima ya tatu.

"Sasa niko tayari. Swichi tatu, zote tatu zimetoka."

Adriano anarudia. Kisha anatuma. Taa ndogo ya njano inawaka kwenye relei, na uani breka haitikisiki. Kote Lackawanna watu wanaendelea kukaanga mayai yao.

Mkaguzi anaandika, anasimama, anampa mkono. Bahizire anatoka nje, anakaa kwenye ngazi ya gari la kazi na kufunika uso kwa glavu.

"Nimelia," anamwambia mwandishi. "Andika. Nimelia."

Akizungumza baadaye kwa simu, Adriano anakiri kwamba ile haraka ilikuwa ya makusudi, mkaguzi ndiye aliyeomba. Kibandani hakukuwa na baridi, heater ilishatengenezwa. "Nilimfundisha kila waya," anasema. "Sikuwahi hata siku moja kumwambia kwamba ana ruhusa ya kuningojesha. Hilo ni kosa langu, na niliwaambia hivyo wakubwa."

Adriano anastaafu Aprili. Bahizire ameomba nafasi yake, na barua ya kumpendekeza imeandikwa na Adriano mwenyewe. Akiipata, atakuwa yeye ndiye anayeuliza kwenye simu, na ncha ya pili atakuwapo mtu mwingine.

Mtu huyo huenda akawa Uwineza, fundi mpya mwenye miaka 25, aliyesoma chuo kile kile cha Columbus na ambaye wazazi wake walitoka nyanda za juu za Kivu Kusini. Ni hodari, mikono yake ni mitulivu, na akiitwa anakimbia. Humjibu "Ndiyo, Papa," kama anayemjibu baba yake mzazi, kabla Bahizire hajamaliza kusema anataka nini.

Jambo hilo linamtia hofu kuliko baridi, kuliko umeme wenyewe. Kwa hiyo ameanzisha zoezi. Kila siku anamwomba kitu, bisibisi, mita, karatasi, na Uwineza anatakiwa amwambie "bado" japo mara moja. Wiki tatu zimepita, hajaweza.

"Siwezi kumuambia Papa vile," anasema Uwineza akicheka, mkono mdomoni. "Mama yangu akisikia, atanichapa."

Bahizire hacheki. Anavaa glavu zake, kidole baada ya kidole, akiitazama minara inayopotea kwenye theluji kuelekea kituo cha pili.

"Mi nitangoja," anasema. "Siku ataniacha nisimame mu hii baridi, namuita, namukasirikia, na yeye ananiambia 'Papa, bado,' ile siku nitaenda ku kaburi ya muzee Dombrowski. Nitamuambia, muzee, tumepata mwengine wa kuchelewesha bantu."